Kisu nikampa intani, daktari mwenyewe kasimama pale pale

Bibi Vyuma (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimekaa nao kama wiki tatu, naandika nafuta, leo nimetoka zamu ya usiku usingizi umegoma nikasema potelea mbali acha niuweke.

Mimi nesi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, huu mwaka wa 19 kazi yangu ni kukabidhi watu visu na makoleo. Hospitali siitaji, mkoa siutaji, anayehisi ananijua anyamaze tu.

Saa nane usiku kaletwa kijana wa bodaboda, kidole tumbo, tumbo upande wa kulia gumu kama ubao. Daktari wa zamu ni rezidenti wa upasuaji, yaani daktari anayesomea ubingwa, mwaka wa tatu, mdada, tumwite Z. Anayemsaidia ni intani, daktari aliyetoka chuo yuko kwenye mazoezi, kijana mrefu, mwezi wa pili tu kwetu, hata kunawa kabla ya kuvaa glovu bado unamkumbusha asiguse koki. Tumepaka iodini, tumetandika shuka za kijani, mtu wa usingizi kasema haya endeleeni. Z akanyoosha kiganja akasema kisu. Mimi nikakitoa kisu kwenye trei nikampa intani.

Yaani mkono ulienda wenyewe. Kijana wa watu akabaki kakishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto stendi na mama hajulikani kaenda wapi. Z hakusema neno, kiganja kiko wazi vile vile anasubiri. Nikakichukua nikakivusha. Kazi ikaisha salama, akafunga tumbo, akaandika noti zake akaenda kutafuta chai. Hakunisema. Ningeshukuru angenisema.

Sasa mimi ni mwanamke jamani. Binti yangu yuko form four anataka kuwa daktari wa kupasua vichwa na mimi ndo kila siku namwambia soma mwanangu. Na Z nampenda, mikono yake mizuri, hatoi damu ovyo. Kwahiyo sio chuki, wala sio dharau ninayoijua mimi. Ni nini basi?

Kesho yake roho haikutulia nikafungua daftari la thieta. Kuna safu ya mpasuaji na safu ya msaidizi. Nikarudi nyuma mpaka mwezi wa pili. Jina la Z linajirudia kwa msaidizi, karatasi kwa karatasi. Mwenzake walioanza siku moja, kijana mzuri tu sina ugomvi naye, yuko safu ya kwanza kila unapofunua. Na mwandiko wa lile daftari ni wangu mimi. Nimeandika miezi yote ile sikuona kitu.

Hakuna kikao kilichokaa kikasema Z asipewe kisu. Nikaanza kukumbuka maneno. "Z jana ulikesha, kapumzike mama, hii ngiri ataingia mwenzako." "Z nenda kaongee na ndugu wa mgonjwa, wewe unajua kubembeleza." "Z una mwandiko mzuri, niandikie noti." Yote ya upole, tena bosi wetu sio mtu mbaya, anamjali kweli. Lakini mwenzake naye alikesha na hakuna aliyemwambia kapumzike. Na rezidenti anahitimu kwa logibuku, daftari lake la kuhesabu oparesheni, amepasua mwenyewe ngapi, hamna sehemu ya kujaza ndugu wangapi umewabembeleza.

Mlioko sehemu nyingine mnayaona haya au ni kwetu tu?

Ngongoti

Nimekaa siti ya mbele kabisa, ngoja wenye kada yao waje.

Baba Mlezi

Dada pole na uchovu ila usitafute mchawi. Saa nane usiku mtu yeyote anaweza kukosea. Halafu kama nimeelewa intani alikuwa upande wako, kisu kimeenda kwa aliye karibu basi. Hizi ajenda za jinsia zimeingia kila mahali sasa mnazipeleka mpaka kwenye tumbo la mtu. Wanawake wenyewe wanakimbilia watoto, macho na ngozi, upasuaji ni kazi ya nguvu bwana, nenda kaangalie wanavyogonga nyundo kwenye mfupa wa paja.

Bibi Vyuma

Mkuu Baba Mlezi, miaka 19 nasimama upande ule ule wa msaidizi na kisu kinavuka meza kila siku. Uchovu ungekuwa unakosea pande zote. Mbona sijawahi hata mara moja kumpa kisu intani wa kike nikamruka daktari wa kiume? Jibu hilo kwanza.

Ngongoti

😂😂 Nimesogeza kiti.

Kiganja Kidogo

Bibi Vyuma umenigusa, mimi ndo hao kina Z, wa hospitali nyingine, mwaka wa nne sasa.

Naanza na mlango. Kwetu vyumba vya kubadilishia nguo viko viwili, kimoja kimeandikwa MADAKTARI kingine MANESI. Cha madaktari ni cha wanaume. Sisi wa kike tunabadilishia kwa manesi na sina shida na manesi, nimelishwa sana vitumbua mule. Shida ni kwamba kesi zinagawanywa chumba kile kingine, watu wakiwa wanavaa. Bosi anafunga kamba ya suruali anasema leo kuna goita mbili, fulani utaanza ile ya kwanza. Natoka nakuta ratiba imeshaisha. Ukimuuliza bosi unabagua atashangaa kwa dhati, kwa sababu aliyekuwa mbele yake ndiye aliyempa.

Glovu. Mimi navaa 6. Stoo wanaleta 7 na nusu na 8 maboksi kwa maboksi, 6 zikija ni bahati, kwahiyo napasua ncha za vidole zinapwaya kama soksi za kaka. Stepla za kwenye upasuaji wa matundu, ule wa kupitisha vyuma kwenye vitobo vidogo, mkono mmoja hauzungushi, nazibana kwa mikono miwili na kuna mtu atasema unaona hawana nguvu. Mwaka 2004 kuna utafiti uliwauliza wapasuaji 726 wa matundu, wenye mikono midogo wakasema vile vyuma vinawatesa. Sio nguvu, ni saizi ya mpini. Na meza inapandishwa kwa kimo cha bosi, mimi nasimama juu ya kreti la soda lililogeuzwa.

Wagonjwa sasa. Nimemweleza baba wa watu oparesheni nzima, nimemchorea utumbo kwenye karatasi, kasaini fomu ya ridhaa mbele yangu, natoka ananiita "Sista, daktari anakuja saa ngapi?" Siku za mwanzo nilikuwa naumia, siku hizi namwambia ameshakuja.

Kuhusu mimba siandiki sana. Niliificha mpaka ikawa haifichiki kwa sababu niliona aliyenitangulia, alipotangaza tu wakaanza kumpunguzia kesi "kwa usalama wake", hawakumpunguzia wodi wala makaratasi. Marekani mwaka 2021 walichapisha utafiti wa wanawake wapasuaji 692, asilimia 42 walishapoteza mimba, zaidi ya mara mbili ya wanawake wa kawaida wa rika lao, na zaidi ya nusu walikuwa wanafanya kazi masaa zaidi ya 60 kwa wiki wakiwa wajawazito. Kwahiyo kupunguziwa ni muhimu sana, nakubali. Ila nipunguzie kukesha, usinipunguzie kisu.

Kanga Mbichi

Niko Kilifi. Kuna kile kitendawili cha zamani, baba na mtoto wamepata ajali, baba amekufa, mtoto kafikishwa hospitali, daktari wa upasuaji kumtazama akasema siwezi kumpasua huyu, ni mwanangu. Niliwauliza wanafunzi wangu darasa zima, ati baba wa kambo, ati padre, mmoja akasema ni mzimu wa yule baba. Msichana mmoja tu ndiye alisema si ni mamake.

Na Kiswahili chetu hakina kiwakilishi cha mwanamume na cha mwanamke, "alisema" ni yeyote. Lugha haijamtia mwanamume mle ndani, tumemtia wenyewe. Halafu sikilizeni mnavyoongea, "daktari wa kike" mnasema, nani amewahi kusema "daktari wa kiume"? Ila "nesi wa kiume" mnasema.

Baba Mlezi

Hiyo ya lugha umenipata kidogo. Lakini bado hamjanipa ushahidi, mnanipa hadithi za vitumbua na kreti la soda.

Mpemba Ughaibuni

Ushahidi upo kaka, mimi nafanya kazi hospitali huku Ontario, Canada, na huku wamepima sana kwa sababu bima ni ya serikali na kila rufaa na kila oparesheni ina rekodi sehemu moja.

Kwanza malipo. Daktari huku analipwa kwa oparesheni na bei ni moja, hakuna bei ya mwanamke. Ungetegemea wawe sawa. Walipopiga hesabu mwaka 2019, mwanamke anapata asilimia 24 pungufu kwa kila saa anayokuwa kwenye thieta. Sio kwamba wanachelewesha, muda wa oparesheni moja moja ulikuwa sawa tu. Oparesheni nono haziwafikii.

Kwanini haziwafikii? Mwaka 2022 wakaangalia rufaa karibu milioni 40. Wapasuaji wanaume ni asilimia 77.5 ya wapasuaji wote, ila madaktari wanaume wanawapelekea asilimia 87.1 ya rufaa zao, madaktari wanawake asilimia 79.3. Kila mmoja ukimuuliza atakwambia nimempeleka kwa mtu ninayemwamini. Ndiyo chumba cha kubadilishia nguo cha Kiganja Kidogo hicho, sema cha huku kina ukubwa wa mkoa mzima.

Sasa kama mnadhani ni kwa sababu wanawake hawajui kazi, mwaka 2017 jarida la BMJ lilitoa utafiti wa huku huku, wagonjwa 104,630, wapasuaji 3,314, kati yao wanawake 774. Ukijumlisha kufa, kupata madhara na kurudishwa wodini ndani ya siku 30, wagonjwa wa wanawake walikuwa afadhali kwa asilimia 4.

Baba Mlezi

Ahaa sasa tumefika, kumbe wanawake ndo bora. Ubaguzi umegeuka.

Mpemba Ughaibuni

Hapana, soma taratibu. 4 ni ndogo, na kwenye oparesheni za dharura, ambapo mgonjwa hachagui daktari, tofauti haikuonekana kabisa. Mimi sisemi mwanamke ni bora. Nasema hakuna sababu ya kisu kumruka.

Na kuna jingine la Marekani, mchumi Heather Sarsons alichambua rekodi za Medicare, ile bima yao ya wazee. Mgonjwa akifia mikononi mwa mpasuaji mwanamume, rufaa hazitikisiki sana. Akifia mikononi mwa mwanamke zinaporomoka. Na haziishii kwake, yule daktari aliyempeleka mgonjwa anapunguza kupeleka hata kwa wanawake wengine wa fani ile ile ambao hawakuwepo hata jengo lile siku hiyo.

Kiganja Kidogo

Hii ya mwisho nimeisoma mara mbili nikaweka simu chini kwanza.

Tabibu Mstaafu

Wanangu nimewasoma tangu jana. Kwa kanda yetu, COSECSA, kile chuo cha wapasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika chenye makao Arusha, hesabu ilichapishwa 2016. Mabingwa wa upasuaji walikuwa 1,690 kanda nzima, yaani 0.53 kwa watu laki moja, na wanawake asilimia 9. Zaidi ya nusu ya mabingwa wote walikuwa jiji kuu la biashara la nchi yao. Mwaka 2015 wakaanzisha umoja wa wanawake wapasuaji, WiSA, na mabinti wameanza kuongezeka kwenye mafunzo.

Mimi nilikuwa bosi wa kitengo. Niliwahi kumwambia binti mmoja mwerevu kuliko wote darasani, "Wewe nenda magonjwa ya wanawake, utapata muda wa familia." Nilimwambia kwa mapenzi kabisa kama baba. Sikuwahi kumuuliza kijana yeyote kama atapata muda wa familia, na wengine walikuwa na watoto watatu. Yule binti alienda. Ni bingwa mkubwa leo na tukikutana ananisalimia shikamoo kwa heshima zote. Sijawahi kujua alitaka nini.

Ngongoti

Marahaba mzee... yaani shikamoo, nimechanganyikiwa na huu uzi.

Mjukuu wa Hai

Kwa wanaosema kazi ya nguvu, mtafuteni Mamitu Gashe wa Ethiopia. Alifikishwa Addis Ababa miaka ya 60 akiwa msichana wa kijijini kaumizwa na uzazi, fistula, hajui kusoma. Madaktari wa familia ya Hamlin wakamtibu, akabaki pale hospitali anatandika vitanda, baadae akawa anasaidia thieta, akaangalia, akaangalia, mpaka wakampa kisu. Akawa mpasuaji wa fistula anayefundisha madaktari waliotoka nje na digrii zao. Huyu shule hakuwa nayo. Alichopata ni mtu wa kumkabidhi chuma mkononi.

Baba Mlezi

Sawa nauliza kwa nia njema. Mbona mke wangu akienda kliniki mimi mwenyewe namtafutia daktari wa kike? Na mimi siku ya tezi dume nitataka mwanaume. Huo nao ni ubaguzi?

Kanga Mbichi

Hiyo ni aibu tu na ni haki yako, mgonjwa anastiriwa. Swali langu, ukipasuliwa kichwa je? Kichwa hakina siri.

Baba Mlezi

Kichwa... mwanaume.

Kanga Mbichi

Kwa nini?

Ngongoti

Dakika 47 zimepita Baba Mlezi hajarudi. Natunza muda mimi.

Saini ya Mkono

Wakati tunamsubiri, kuna kipimo kiko mtandaoni cha hiki kitu, kinaitwa IAT, walikitoa wanasaikolojia wa Marekani mwaka 1998. Unapewa maneno kwa kasi, unabonyeza kushoto au kulia, mara mwanaume na kazi upande mmoja, mara mwanamke na kazi. Mkono ukisita kidogo kwenye mpangilio fulani kompyuta inaona. Mwaka 2019 walichapisha majibu 42,991 ya watu wa afya, pamoja na wapasuaji 131 waliofanya kipimo kingine cha upasuaji na udaktari wa familia. Wanaume na wanawake wote mikono yao ilielekea kazi kwa mwanaume, na kwa wale wapasuaji, upasuaji kwa mwanaume. Bibi Vyuma hauko peke yako, wewe cha kwako kilitokea tu na kisu cha kweli badala ya kibodi.

Ila msikifanye kipimo cha ukimwi kile, mtu huyo huyo akirudia wiki ijayo anaweza kupata jibu tofauti. Mimi naona daftari la Bibi Vyuma lina ushahidi kuliko kile kipimo, maana daftari haliulizi unawaza nini, linauliza nani alishika kisu.

Baba Mlezi

Nimerudi. Sina jibu la kwa nini. Ila kuna mdogo wangu wa kike alipata kuingia udaktari nikamshauri famasi. Naishia hapo.

Bibi Vyuma

Mrejesho wakuu, samahani nilikuwa zamu mfululizo.

Nilimfuata Z kule kwenye chumba cha MANESI (ndio, na sisi kibao ni hicho hicho, nilikuwa sijawahi kukiona mpaka niliposoma hapa) nikamwomba radhi ya kile kisu. Nilijiandaa hotuba nzima. Akaniambia "Sista mbona mimi nilishasahau," halafu akaniuliza kama namjua fundi wa kuchomelea, anataka stuli ya kusimamia. Kumbe na yeye anasimamia kreti. Miaka mitatu nimekuwa nikilisogeza lile kreti kwa mguu nikidhani ni la uchafu.

Jambo la pili, ile orodha ya usalama ya WHO, iliyotoka 2008, kuna sehemu kabla ya kukata kila mtu anataja jina na kazi yake. Kwetu tulikuwa tunaweka tiki tu tunaendelea. Sasa mimi sitoi kisu mpaka itajwe kwa sauti. "Naitwa Z, ndiye mpasuaji." "Naitwa fulani, msaidizi." Wiki ya kwanza walicheka, mtu wa usingizi akawa anajitangaza kama mtangazaji wa mpira. Lakini nawaambia ukweli, ukishasikia hilo neno kwa masikio yako mkono unajua pa kwenda.

Daftari nalo nilimpelekea bosi. Sikusema kitu, nilimwekea vikaratasi kwenye kurasa nikamwambia dokta naomba uangalie kama nimeandika vizuri. Akakaa nalo muda. Akasema "umeandika vizuri." Jumatatu ratiba ikatoka, Z ana ngiri mbili na goita, na jina lake liko juu. Kama ataendelea hivyo mwezi ujao sijui, naendelea kuandika.

Kiganja Kidogo

Vikaratasi!! Mama wewe ni hatari. Naiba hii mbinu kesho asubuhi.

Tabibu Mstaafu

Hiyo stuli iwe na mpira chini isiteleze, na upana wa kutosha miguu miwili na pedali ya mashine ya kuunguzia. Sentimita 15 inatosha kwa wengi.

Bibi Vyuma

Asante dokta. Stuli imefika jana. Mpira imewekewa ila fundi kakosea mguu mmoja mrefu, Z akihama inagonga sakafu ka ka ka. Bosi kauliza katikati ya ngiri hicho ni nini, wote kimya. Leo mchana naipeleka kukatwa.